Nyumba Ilikuwa Tupu

Jumapili Doha ni siku ya kazi, na Jeptoo alishazoea. Aliamka Al Wukair, akanywa chai ya maziwa na Chelsea, nesi mwenzake waliyekodi naye chumba, akapanda basi mpaka mtaa wa The Pearl, kando ya bahari. Ilipofika saa tatu alikuwa amempima Mwalimu Shaun presha, amempa vidonge vyake na kumketisha mbele ya meza.

"Tulifika wapi?" mzee akauliza.

"Mwaka wa njaa, Mwalimu."

Shaun alikuwa Mwairishi wa miaka themanini na minne. Alikuwa amefundisha historia karibu maisha yake yote katika mji mdogo uitwao Drumskeela. Mkewe alipofariki, binti yake Hannah, aliyekuwa akifanya kazi Doha, alimleta akae naye kwenye fleti ya ghorofa ya kumi na nne. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka, lakini akili ilikuwa kali kama wembe. Mkono wake ulitetemeka asiweze kuandika, basi yeye alisema na Jeptoo akapiga chapa kwenye kompyuta. Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba, lakini aliipenda. Chumba cha kuandikia kilikuwa kidogo, kimetenganishwa na sebule kwa mlango wa kioo usio na kufuli wala komeo. Ungeusukuma kwa kidole ukafunguka.

Watu wa Drumskeela walikuwa wanatengeneza kitabu cha historia ya mji wao, na Shaun alipewa sura ya njaa kuu ya karne ya kumi na tisa. Katibu wa kamati alikuwa Owen, mtu mzima sasa, lakini zamani mwanafunzi wake. Ugomvi wao ulihusu neno moja.

Wakati wa ile njaa, mji ulikuwa na nyumba kilimani ya kuwatenga wagonjwa wa homa. Siku moja nyumba hiyo iliungua. Shaun alitaka iandikwe hivi: wagonjwa saba walikufa kwa homa, wakazikwa, na nyumba ikachomwa ikiwa tupu ili ugonjwa usienee. Hivyo ndivyo alivyofundisha, na hivyo ndivyo alivyofundishwa.

"Mwalimu, haikuwa tupu," Owen alisema asubuhi ile, sura yake imejaa kwenye kompyuta. "Nina barua ya padri. Anasema ndani mlikuwa na watu tisa, na mlango uliwekewa boriti kwa nje. Aliyeiweka hakumtaja. Hata majina ya wale tisa hakuyaandika."

"Padri alikuwa mgeni. Alijua nini?"

"Alijua kuhesabu."

"Nyumba ilikuwa tupu," Shaun akasema, akaashiria simu ikatwe. Kisha akamgeukia Jeptoo. "Andika. Ikiwa tupu."

Jeptoo akaandika. Kwao alikozaliwa kulikuwa na kiwanja ambacho hakikulimwa. Nyumba ya bibi mmoja ilikuwa imeungua hapo, naye ndani, Jeptoo akiwa darasa la pili, na kijiji kizima kilisema ni radi. Jioni ile mjomba wake alirudi nyumbani ananuka mafuta ya taa, na hakuna aliyemuuliza lolote. Alijua jinsi kijiji kinavyokubaliana.

Jumatatu alipofungua kompyuta, neno halikuwepo.

Sentensi nyingine zote zilikuwa mahali pake. Palipokuwa na "tupu" pamebaki nafasi, upana wa herufi nne, kama pengo la jino.

"Umefuta?" mzee akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

Akaliandika tena, akalihifadhi, akapiga na chapa karatasini mzee aone. Jumanne halikuwepo, si kwenye kompyuta, si kwenye karatasi. Alipoiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, pale mahali palikuwa pameliwa pembeni, pana rangi ya kahawia. Kama pamekaribia moto.

Siku hiyo hiyo ilianza harufu. Nyasi mbichi zinazoungua. Hannah akaita mafundi wa jengo, wakafungua mashine ya hewa baridi, wakachungulia ndani, wakasema hakuna kitu. Shaun alisema hasikii harufu yoyote. Lakini Jeptoo aliona ameacha kula chochote kilichotoka jikoni kikiwa cha moto.

Jumatano saa nane mchana wote watatu walikuwa sebuleni wakinywa karaki, chai nzito ya maziwa na iliki. Jua lilikuwa kali juu ya bahari hata macho yanauma. Chumba cha kuandikia kilionekana wazi kupitia kioo. Meza. Kiti. Kompyuta iliyofungwa.

Kitu kikabisha. Kutoka ndani.

Mara tatu, polepole. Kioo kikatetemeka. Hannah akatazama juu, akasema pengine ni upepo, ingawa madirisha ya ghorofa ile hayafunguki. Shaun hakugeuza kichwa.

Jeptoo akaenda kutazama. Upande wa ndani wa kioo palikuwa na ukungu, kama mtu amepumulia. Katikati ya ukungu pana alama ya kiganja. Ilikuwa chini, karibu na goti lake. Vidole vilikuwa vifupi.

Jioni ile Chelsea alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wacha hiyo kazi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nikiacha, nani atakaa naye?"

"Si baba yako."

"Anaogopa, Chelsea. Anaogopa na anajua anachoogopa."

Alhamisi Shaun alikataa kuingia chumbani. Baadaye, baada ya chakula cha mchana, akainuka mwenyewe, akashika mkongojo. "Twende tukamalize," akasema. "Nikifa wataandika wanavyotaka."

Wakaingia. Mlango ukajifunga nyuma yao, taratibu, kama ulivyofanya kila siku.

"Andika," mzee akasema. "Nyumba ilikuwa tupu."

Jeptoo akaandika herufi ya kwanza. Ya pili. Hewa baridi ikazimika.

Joto likaja mara moja. Halikutoka dirishani. Lilitoka juu, darini, likashuka begani kama blanketi. Harufu ikaja nalo, na sasa ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu ambacho Jeptoo alikijua tangu darasa la pili. Akasimama, akausukuma mlango.

Haukwenda.

Akausukuma kwa bega. Haukwenda. Kupitia kioo alimwona Hannah sebuleni, hatua sita tu, anamwagilia maua kwenye vyungu. Akapiga kioo kwa kiganja. "Madam! Madam Hannah!"

Hannah akageuka. Akatazama moja kwa moja chumbani. Akatazama pale Jeptoo aliposimama. Kisha akageuka tena na kuendelea na maua yake.

Jeptoo akapiga tena. Ndipo akasikia kwamba hapigi peke yake.

Mikono mingine ilikuwa inapiga. Kulia kwake. Kushoto kwake. Juu ya kichwa chake. Mmoja ulikuwa chini, karibu na goti. Haikuonekana, lakini kioo kilitetemeka kila ilipotua. Na sauti haikuwa ya kioo. Ilikuwa ya mbao.

"Mwalimu," akanong'ona. "Wanataka nini?"

Mzee alikuwa ameketi, amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Majina," akasema.

"Unayajua?"

"Yamekuwa nyumbani kwetu miaka yote. Bibi yangu alinifundisha kama sala. Alisema yakae mdomoni, yasifike kwenye karatasi."

"Yaseme."

Hakusema. Joto likapanda. Jeptoo alihisi nyusi zake zinakauka. Kifua cha mzee kilikuwa kinapanda na kushuka haraka mno, na yeye kama nesi alijua moyo ule hauna dakika nyingi. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono.

"Mwalimu, kwetu pia waliniambia ni radi. Nimenyamaza miaka ishirini na mitano. Yaseme."

Shaun akafumbua macho.

Akaanza. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Jeptoo akaketi kwenye kompyuta akaandika, jasho likidondoka juu ya vidole. Kila jina lilipoandikwa, mkono mmoja ulinyamaza. La saba. La nane. Ukabaki mmoja. Ule wa chini.

"La tisa, Mwalimu."

"Brid," mzee akasema. "Alikuwa na miaka sita. Hakuwa na homa. Alikuwa ameingia kumpelekea mama yake maziwa." "Aliyeweka boriti alikuwa babu wa babu yangu. Baba yake Brid. Alishaweka boriti ndipo akamsikia anaita. Alimwita kwa jina lake, 'Baba, niko hapa.' Watu wote wa mji walikuwa wamesimama nyuma yake na mienge."

"Akafanyaje?"

"Hakuitoa."

Jeptoo akaandika hayo yote. Mkono wa chini ukapiga mara moja, kwa ulegevu, kama mtoto aliyeanza kusinzia. Ukanyamaza.

Hewa baridi ikawaka. Jeptoo akagusa mlango kwa kidole, ukafunguka.

Hannah alishtuka, kopo la maji likaanguka. "Mmetoka wapi?"

"Humu, Madam. Tumekuita."

"Nilitazama," Hannah akasema, na uso wake ukabadilika rangi. "Nilitazama mara mbili. Chumba kilikuwa tupu."

Shaun alifariki Jumamosi asubuhi, kitandani mwake, bila maumivu. Usiku wa mwisho alilala vizuri kuliko majuma yote ambayo Jeptoo alimhudumia.

Siku ya tatu baada ya kifo, Hannah alimwita Jeptoo sebuleni. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Alikuwa ameusoma ukurasa ule.

"Baba alikuwa amechanganyikiwa," akasema. "Wewe unajua. Ni dawa."

"Akili yake ilikuwa nzima, Madam."

"Jina letu liko kwenye ukuta wa kanisa kule. Liko kwenye mlango wa shule. Unaelewa?" Hakungoja jibu. Akaufuta ukurasa mbele ya macho ya Jeptoo, kisha akaandika yeye mwenyewe ile sentensi ya zamani, na lile neno. "Nitakutafutia kazi nzuri kwa rafiki yangu. Nitakuandikia barua. Hili libaki humu ndani."

Jeptoo alitazama neno lile likimetameta kwenye kioo cha kompyuta. Halikufutika. Alingoja. Hakuna kilichobisha, hakuna harufu. Ni kama wale waliokuwa na haja nalo walikuwa wamemaliza haja yao, na sasa shauri lilikuwa lake.

"Asante, Madam," akasema, akachukua mkoba wake.

Alishuka, akatembea hadi kwenye benchi mbele ya mashua za matajiri. Namba ya Owen alikuwa nayo, kwa kuwa yeye Jeptoo ndiye aliyekuwa akimpigia simu kwa niaba ya mzee.

"Una kalamu?" akamwuliza.

Akayasema majina yote tisa, kwa mpangilio, kama alivyoyasikia. Hakukosea hata moja. Alipofika kwa Brid alieleza habari ya maziwa, na ya boriti, na ya sauti iliyoita.

"Nani alikuambia?" Owen akauliza.

"Mwalimu wako."

"Familia yake itakataa."

"Watakataa. Lakini wewe andika."

Owen aliandika. Hannah alikataa, kamati ikagawanyika, wazee wawili wa Drumskeela hawasalimiani mpaka leo. Lakini ukurasa ulichapwa. Barua ya kazi haikuja, na Jeptoo akaanza kutafuta upya.

Siku ile ile ya simu alirudi Al Wukair na mkono wa kulia unamwuma. Ulikuwa unauma tangu Alhamisi, ila msiba haukumpa nafasi ya kuutazama. Kiganja kilikuwa kimevimba, chekundu katikati.

"Kwani ulipiga nini?" Chelsea akauliza. Alikuwa amewasha taa ya mezani na kutoa kibanio chake cha hospitali.

"Mlango."

"Mlango upi?"

"Ule wa kwa Mwalimu. Wa kioo."

Chelsea akamtazama, akainama tena. Akapasua ngozi kidogo kwa sindano, akaingiza kibanio, akavuta pole pole. Kikatoka kibanzi cha mti, kirefu kama ukucha. Mti mgumu, wa zamani, upande mmoja umekuwa mkaa. Akakiweka juu ya pamba. Wakakitazama.

Kisha Chelsea akakisogeza puani, akanusa. Akakirudisha kwenye pamba kwa uangalifu, akainuka, akaenda jikoni kuangalia kama jiko limezimwa.