Kaligono wa Sinzinkayo

Mara ya kwanza samaki wa Sinzinkayo alipokufa, mkewe Goreth alifurahi, akaleta beseni ili akamtupe. Samaki alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mdomo wazi, rangi yake ya buluu imefifia kama kitenge kilichochujuka. Sebule ilinuka udongo wa kaburi bichi, ingawa maji ya tangi yalikuwa safi. Goreth alipotaka kuingiza mkono, mumewe akamshika kiwiko huku akicheka.

"Hayakufa, Mama Bella. Njo namna yake ya kutafuta chakula."

Wavuvi wa Ziwa Malawi humwita kaligono, yaani mlalaji. Hujilaza akajifanya mfu, na visamaki vinapomsogelea kumdonoa, huvimeza. Sinzinkayo alimnunua pamoja na tangi la kioo na pampu ya hewa kwa mzungu mmoja wa City Centre aliyekuwa akirudi kwao, na mzungu yule aliagana nao kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Mtu aliyekuwa akioga kwa kikombe kule kambi ya wakimbizi ya Dzaleka sasa alikuwa na duka mtaa wa Kawale mjini, na samaki wake alikula umeme kuliko taa za nyumba nzima.

Wateja waliitwa sebuleni kutazama. Sinzinkayo alitia visamaki hai ndani ya tangi, akakunja mikono juu ya kitambi. "Angalia bajinga," alisema. "Banaenda kulia maiti."

Kilio alikidharau siku zote. Kambini, kilio ndicho kipimo cha mtu: maiti hulazwa sebuleni, na majirani wote huingia mmoja mmoja kumgusa paji la uso, hata watoto, kabla hajatolewa. Sinzinkayo hakuwahi kumgusa mtu. Mke wa Rémy, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alipofariki, alipita mbele ya msiba juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, na mwendeshaji alipopunguza mwendo kwa heshima, akamwambia akanyage tu. Goreth alikaa matanga peke yake, uso chini kwa aibu. Tangu siku ile alimdharau mumewe, na wala hakujisumbua kuficha.

Dharau hiyo ndiyo iliyomchelewesha kuogopa. Sinzinkayo alipoanza kulala mchana kwenye kochi, macho wazi na mdomo wazi, Goreth aliona ni uvivu. Mabaka ya kijivu yalipomtoka mgongoni, akasema ni uchafu. Paka wa nyumba alimsogelea siku moja akiwa amelala hivyo, akamnusa mdomo. Goreth aligeuka kuepua sufuria, na alipotazama tena hakuna paka, na mumewe amekaa wima anachokonoa meno. Bella, binti yao mdogo, alimwita paka wake mpaka sauti ikamkauka. Usiku ule Goreth alihamishia godoro la mtoto chumbani kwake, akafunga mlango kwa ndani.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, umeme ulikatika. Goreth aliingia sebuleni akakuta tangi halina samaki, mfuniko uko mahali pake, na Sinzinkayo amelala ubavu sakafuni, baridi, bila pumzi, bila mapigo. Alilia kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akampigia Rémy, kwa kuwa yeye ndiye anayekusanya watu wa mtaa wao Dzaleka kwa mazishi, akamwomba awaambie wote waje kumuaga.

"Kilio ya Sinzinkayo?" Rémy akasema. "Apande kabaza, ajipeleke mwenyewe." Akakata simu.

Habari ilienea kambini, lakini aliyekuja alikuwa Thacienne peke yake, mama wa maombi, mwanamke asiyekosa msiba wowote kwa sababu hakuna msiba usio na chakula. Alishuka minibasi na Biblia kwapani na chupa ya mafuta, tayari ameshaanza kulia tangu barabarani. Mlangoni akakiacha kilio. Akavuta pua. Sebule ilinuka udongo mbichi, na mle ndani, umeme ukiwa bado umekatika na waya wa pampu ukining'inia nje ya soketi, kulikuwa na mlio wa maji yanayochemka mapovu, blup, blup, polepole, nao haukutoka kwenye tangi, ulitoka kifuani mwa marehemu.

"Mama Bella," alinong'ona, "huyu hayakufa. Anangojea bantu. Uliita nani?"

"Nilibaita bote."

"Na nani alikuja?"

"We peke yako, Mama Thacienne."

"Basi Mungu abariki roho mbaya ya bantu ya Dzaleka."

Alimwaga mafuta kizingitini na kukemea jini la maji kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa lugha ambayo pengine hata Mungu aliisikia kwa mara ya kwanza, lakini mguu hakuuvusha, na jini halikutikisa hata ukope. Na wakati wale wanawake wawili wanabishana nani aingie, Bella, ambaye alikuwa amefundishwa vizuri na mama yake kwenye matanga ya watu kwamba mtoto mwenye adabu humgusa maiti paji la uso, alipita chini ya mkono wa Thacienne, akapiga magoti, akanyoosha vidole vyake vidogo kumuaga baba, na Goreth akaona ule mdomo ukianza kupanuka, ukapanuka kupita mahali mdomo wa mtu unapoishia, akaruka, akamkamata mtoto kwa gauni na kumvuta nyuma kwa nguvu zote, na mataya yakafunga juu ya mkono wa sweta, yakaunyofoa mpaka begani. Vidole vyote vilikuwepo. Aliviangalia kimoja kimoja huku akilia, na safari hii alilia kweli.

Hawakurudi hata kuchukua viatu. Goreth alifunga mlango, na siku ileile wakalala Dzaleka, nyumbani kwa Rémy, ambaye aliwapa nsima, ugali wa huko. Mwenye nyumba alipofungua baadaye, alikuta tangi limejaa matope na sakafuni hakuna mtu.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa Goreth alipopigiwa simu akiwa anaanika nguo. Namba ilikuwa ya mumewe. Sauti ilikuwa ya mwanamke mpole, akajitambulisha kuwa Béatha, Mnyarwanda anayeuza mboga Likuni. Alisema wameokota mtu amekufa kando ya njia, masikini, hana ndugu, na jina la Goreth wamelikuta kwenye simu yake.

"Musimuguse," Goreth alisema. "Mama, nakuomba, tokeni hapo. Mumwache."

"Aa, dada, tutamuachaje? Ni mwana wa mutu. Bantu banajaa hapa, banamuaga. Mi mwenyewe niko namufunga kidevu, kinywa inakataa kufunga."

Nyuma ya sauti yake Goreth alisikia mapovu. Aliita jina la Béatha mara nyingi, na hakuna aliyeitika, mapovu tu yaliendelea.

Bella aliuliza nani amepiga.

"Baba yako," Goreth akasema. "Amekufa tena."