Mafundo ya Kipande cha Mwisho

Saa moja na robo asubuhi, mwezi wa kumi wa mwaka 1923, Bibi Xing alifungua karakana yake ya hariri kusini mwa Nanjing, akapiga ukelele. Joho la arusi lilikuwa palepale kwenye mtambo wa kufumia, limebakiza kazi ya siku sita tu. Kilichoharibiwa ni kielelezo chake: maelfu ya mafundo madogo yanayomwonyesha mvutaji, aliyekaa juu ya mtambo, avute kamba ipi ili mfumaji aliye chini apitishe rangi. Mafundo ya kipande cha mwisho yalikuwa yamefunguliwa yote.

Inspekta Miao alifika saa mbili, hajanywa chai. Alikuwa mgane; nyumbani hakuna wa kumwambia "kunywa kwanza".

"Ni Geng, mvutaji wangu," Bibi Xing alisema. "Anataka kwenda kwa binti yake Yangzhou. Nilimwambia haondoki mpaka joho liishe. Kaniharibia kwa hasira."

"Hasira ya nini, mama?" mzee Geng alilalamika. "Binti anajifungua mwisho wa mwezi. Nilibakiza siku sita nishuke huko juu kama kuku anayeshuka darini. Kufunga upya ni miezi mitatu!"

Miao alimrushia mfuko wa mikate ya ufuta. "Kula. Jela haina ufuta."

Geng aliikata kamba ya mfuko kwa meno.

"Vidole huna?"

"Ninavyo, Afande, ila vimegoma. Miaka ishirini na sita ya kuvuta! Hata vifungo vya koti ananifunga Pu."

Pu, mfumaji, alikuwa chini ya mtambo, anapanguza mbao zisizo na vumbi.

Saa nne Miao alikuwa nyumba ya pili, kwa Luan, fundi aliyeikosa kazi ya joho lile. Mkasi ulining'inia kiunoni mwake.

"Ningetaka kuharibu ningekata," Luan alicheka. "Kacha, kacha, kwisha! Nani ana siku nzima ya kufungua fundo mojamoja?"

"Hilo ndilo linaloniwasha," Miao alisema.

Alirudi, akazitazama tena nyuzi. Hakuna hata mmoja uliokatika. Zilikuwa zimekunjwa vitita vidogo, vikapangwa kwa utaratibu wake.

"Bwana Pu, jana watu wote walikwenda kuwachomea wafu wao nguo za karatasi, wasipate baridi. Wewe ulimchomea nani?"

Pu aliendelea kupanguza. "Sina mtu."

"Basi ulikuwa hapa."

Kitambaa cha Pu kilisimama juu ya ubao.

"Geng hawezi kufungua hata mfuko wa mikate. Luan angekata. Aliyefanya hivi alijua joho limefika wapi, na hakuwa na moyo wa kuukata uzi hata mmoja. Bibi, uliniambia mwenyewe: haondoki mpaka joho liishe. Sasa nani alitaka lisiishe?"

Pu alikaa sakafuni. "Kila asubuhi yeye huniita kutoka juu, nami namjibu. Siku nzima. Akiondoka..." Alitazama juu, kwenye kile kiti kitupu. "Nilitaka abaki majira haya ya baridi tu."

"Na mimi ningelala jela, mjinga wewe!" Geng alifoka.

"Ningesema. Naapa ningesema."

"Ungesema lini? Mjukuu akiota ndevu?"

Bibi Xing hakutaka kesi, alitaka joho. Geng aende zake leo hii, kwani mvutaji hana kazi mpaka mafundo yafungwe. Pu atayafunga mafundo yote upya, peke yake.

Geng alichukua furushi lake. Mlangoni alisimama, koti wazi kifuani, upepo wa mtoni unaingia.

"Miaka ishirini na sita nimekaa juu ya kichwa chako, Pu. Hujawahi kuniuliza binti yangu anaitwa nani."

Pu aliinuka. Alianza kumfunga vifungo, kimoja kimoja, taratibu, mpaka cha shingoni.

"Anaitwa nani?"

"Maliza kazi," Geng alisema, "uje Yangzhou umuulize mwenyewe."

Inspekta Miao aligeukia ukutani, akajifanya anaandika.