Kuku Aliyekula Kura

Sogeeni hapa niwape habari za Sikudhani. Yuko Darasa la Pili. Ni mdogo kuliko wenzake wote, na sauti yake ni ndogo vilevile.

Nyuma ya darasa lao kuna tuta. Tuta dogo, jeusi, zuri. Mwalimu Nambua aliwaambia wachague kitu kimoja, wakipande leo. Wasipoelewana mpaka kengele ilie, tuta watapewa Darasa la Tatu.

Na Darasa la Tatu hao, wanachungulia dirishani. Jembe liko begani tayari.

Karoti! Tikiti! Karoti! Tikiti!
Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Sikudhani alitaka tikiti. Alilitaka hasa. Jekundu, tamu, la kuchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mwalimu akaleta mabakuli mawili na mahindi. Kila mtoto atie punje moja. Bakuli la bluu ni karoti, la njano ni tikiti. Hiyo ndiyo kura.

Tik, tik, tik. Wakatia punje zao. Mabakuli wakayaacha mlangoni, wakaenda kunywa uji. Watahesabu wakirudi.

Jamani, nani huacha mahindi mlangoni?

Ko, ko, ko. Waliporudi walimkuta kuku wa mpishi. Anafuta mdomo chini, ameshiba. Kura zote zimeliwa.

Kila upande ukadai umeshinda.

Karoti! Tikiti! Karoti! Tikiti!
Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Sikudhani alitaka kulia. Tuta lao linakwenda hivihivi! Akapanda juu ya benchi.

"Tusimame sisi wenyewe, tuhesabiwe," alisema. "Kuku hawezi kumla mtu."

Wakacheka. Kisha wakamsikiliza.

"Lakini kwanza, kila upande useme kwa nini," akaongeza Sikudhani.

Wa tikiti wakasema tikiti ni tamu. Kweli kabisa.

Wa karoti wakamtuma Chande. "Tuta ni dogo," alisema Chande. "Matikiti yatatoka mawili tu. Karoti, kila mtu atapata yake."

Sikudhani akawaza. Matikiti mawili, watoto ishirini na tisa. Wa mwisho kwenye foleni atapata nini? Maganda.

Wakasimama. Huku kumi na wanne, kule kumi na wanne. Macho yote yakamgeukia Sikudhani.

Akalitazama bakuli la njano. Akalitazama tena. Kisha akaenda, taratibu, upande wa karoti.

Ngo, ngo, ngo! Kengele ikalia. Darasa la Tatu wakaondoka na jembe lao.

Mvua zikanyesha. Karoti zikaota, zikanenepa. Siku ya kuvuna, kila mtoto alishika yake.

Kacha, kacha, kacha. Hata kuku alipewa majani.

Sikudhani alimbakizia mama yake nusu. Usiku mama akamfunika shuka.

"Si wewe uliyetaka tikiti?" mama aliuliza.

"Nilitaka," alisema Sikudhani. "Ila hii tuliamua sote, tukasikilizana."

Akalala chali, kifua mbele, kama mwenye shamba.