Jina la Kwenye Pasipoti

Tiketi ya Yun-hsi ilikuwa na jina moja, pasipoti yake ilikuwa na jingine, na meli ya kwenda Ishigaki, kisiwa cha Japani, ilikuwa karibu kuondoka.

Karani wa bandari ya Keelung, huko Taiwan, aliangalia pasipoti, kisha akamwangalia msafiri. Picha ilikuwa ya kijana wa kiume. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye nywele za mabegani, amemshika bibi yake mkono.

"Bwana!" karani aliita kwa sauti. "Hii tiketi ni ya nani?"

Foleni nzima iligeuka. Yun-hsi alihisi masikio yanawaka.

"Ni yangu. Nilibadili jina. Kitambulisho changu hiki hapa."

"Hicho ni cha humu ndani. Kule ni nchi ya watu. Siwezi kukupitisha."

"Mwanangu," Bibi Chiu akamwambia karani, "dada yangu anaumwa huko. Ndege naiogopa. Na bila huyu mjukuu sifiki popote."

"Wewe unaruhusiwa, bibi. Yeye hapana."

"Basi panda wewe," Bibi alijibu, akageuza fimbo yake.

Walirudi nyumbani wamelowa mvua.

Yun-hsi alipozaliwa aliandikwa mvulana. Tangu utotoni alijijua kuwa ni mwanamke. Mwaka uliopita alikwenda ofisi ya usajili wa kaya akabadili jina. Hakuna aliyemshangaa. Watu wengi hubadili majina pale wakiambiwa na mpiga ramli kwamba jina la zamani lina mkosi. Shangazi yake alikuwa amebadili mara tatu. Yun-hsi alipopewa kitambulisho kipya, alidhani kazi imekwisha.

Ghorofa ya chini aliishi Po-han, fundi pikipiki. Yeye alipozaliwa aliandikwa msichana. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu, na amekwishasafiri kwa meli. Aliwasikiliza huku anafuta grisi mikononi.

"Lo! Umebadili jina kwa mtaa mzima, pasipoti ukaisahau?"

"Mbona Shangazi hajawahi kusumbuliwa?"

"Shangazi yako amepanda meli gani? Yule akifika sokoni tu anataka kurudi!"

Bibi alicheka. Yun-hsi hakucheka.

"Sikiliza, dada," Po-han alisema. "Anza na pasipoti mpya. Jina la sasa, picha ya sura uliyo nayo leo. Tiketi inunuliwe baadaye, iandikwe kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi."

"Na jinsia? Pasipoti bado itasema mwanamume. Hiyo sijaweza kuibadilisha."

"Basi tiketi nayo iseme hivyo."

"Nijiandike mwanamume kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Inauma, najua. Lakini jaza, ufike. Kisha waandikie wenye meli mapema. Waeleze wewe ni nani, na wakuite vipi. Dawa zako za homoni unaziweka wapi?"

"Kwenye kikopo cha peremende."

"Kikopo cha peremende! Unataka kulala rumande? Ziache kwenye boksi lake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la pasipoti. Na uliza kwanza kama huko zinaruhusiwa. Kila nchi ambayo meli itatia nanga, ulizia sheria zake. Kuna bandari ambako mtu kama sisi ni heri asishuke."

"Wakitaka kunipekua?"

"Omba chumba cha faragha, afisa mwanamke, na shahidi. Omba kabla hawajakugusa. Usipige kelele, lakini usinyamaze."

Pasipoti ilipotoka, walikata tiketi za meli nyingine. Zilikuwa zimepita wiki tano.

Safari hii karani aliwapitisha. Lakini Yun-hsi alipopita kwenye mashine ya ukaguzi, ililia.

"Pembeni!" Afisa mmoja mwanamume alikuwa tayari anavaa glavu. "Nyoosha mikono."

Kucha za Bibi zilimzama mkononi.

"Naomba chumba cha faragha," Yun-hsi alisema. "Naomba afisa mwanamke. Na bibi yangu awe shahidi."

"Pasipoti inasema wewe ni mwanamume."

"Ndivyo inavyosema. Wenye meli wana maelezo yangu. Tafadhali waulize."

Afisa alimtazama. Nje, honi ya meli ililia. Yun-hsi hakushusha macho. Hatimaye yule bwana alichukua simu ya upepo akaongea, kisha akangoja, glavu moja mkononi.

Akaja afisa mwanamke. "Dada Yun-hsi? Njooni huku, wewe na bibi."

Kilichoiliza mashine kilikuwa kifungo cha chuma cha suruali. Dawa zilisomwa kwenye boksi zikarudishwa. Kwenye ngazi ya meli alipigwa picha, akapewa kadi ya chumba yenye sura yake ya leo. Na kule Ishigaki, kwa kuwa sura na picha zilifanana, waliwapitisha bila neno.

Bibi alimkuta dada yake kitandani. Mgonjwa alimtambua, akamshika mkono, wakalia pamoja mpaka jioni.

Kosa la kuisahau pasipoti liligharimu tiketi mbili ambazo fedha yake haikurudi. Liligharimu wiki tano. Na katika wiki ya tatu kati ya hizo, dada yake Bibi alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli.