Saini ya Bibi Ndeshi

Kwa maelezo ya Bertila, jirani wa mlango wa pili, kilichowanyima watu njia ya miguu ni simu moja tu. Alikuwapo, anasema, jikoni kwa Bibi Ndeshi, akimsaidia kuchambua mchicha, simu ikalia. Kumbe ni watu wa jiji, pamoja na mkalimani wa Kiswahili. Wakauliza kama ni kweli Bibi ameweka saini kwenye ombi la mtaa. Bibi akajibu bila kusita: "Mimi? Sijaweka saini mahali popote."

"Kwa masikio yangu haya!" Bertila alisema, akivuta shuka lililoloa kutoka kwenye mashine. "Uzee huo, dada. Kalamu kaishika mwenyewe, mwezi haujaisha kasahau. Mungu amrehemu, lakini marehemu ndiye aliyetuharibia."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kufua. Fleti zile za mji wa Garland, ughaibuni, zilikuwa na chumba kimoja cha kufulia, na humo ndimo habari zote za mtaa zilimofuliwa na kuanikwa.

"Bertila, mfu hasemwi," alisema Mama Kanana. Alikuwa ametoka kazini alfajiri, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na macho yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Simsemi, nasimulia tu."

Kanana, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa pembeni akikunja nguo za mdogo wake. Aliikunja fulana ileile mara tatu. Hakuthubutu kuinua uso.

Alipouinua, alimwona Mzee Severin, mume wa marehemu, amesimama mlangoni na kapu la nguo chafu. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Bertila aliuma ulimi.

"Mke wangu alikuwa anasahau alikoweka miwani," mzee alisema taratibu. "Neno lake hakuwahi kulisahau."

Akageuka na kapu lake, akaondoka bila kufua.

* * *

Barabara iliyopita mbele ya fleti zile ilikuwa nyembamba, na ukingoni mwake palikuwa na mtaro na majani tu. Malori ya maghala yalipita hapo kutwa. Asiye na gari alitembea palepale pembezoni, mfuko wa duka mkononi, huku upepo wa malori ukimpeperusha nguo.

Mwaka uliotangulia, baba wa rafiki yake Kanana aitwaye Zoé, Mkongo jina lake Émile, aliwaita majirani sebuleni kwake. Émile aliendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mtaa. Aliinua risiti ya duka.

"Munaona hapa chini? Sabuni, viatu, sufuria, kila kitu tunalipa kodi ya mauzo. Bon. Sehemu ya ile kodi, jiji linaiweka kando kwa kufufua mitaa iliyochakaa. Njia za miguu, taa, bustani. Lakini mutaa lazima uombe, na watu makumi ine waweke saini. Hii si sadaka ya mutu. Ni feza zetu zinarudi nyumbani."

Bibi Ndeshi alicheka. "Yaani hata mimi na kipande changu cha sabuni nimo?"

"Umo kabisa, Mama."

"Basi saini yangu nitaiweka kwa mkono wangu." Alisema hivyo kwa fahari, maana alikuwa amejifunza kuandika jina lake akiwa na miaka hamsini, katika kisomo cha watu wazima, kijijini kwao Rombo.

Kazi ya kuzungusha karatasi walipewa Kanana na Zoé, kwa kuwa walijua Kiingereza na miguu yao ilikuwa myepesi kupanda ngazi. Walipanda kweli. Siku ya mwisho, Zoé alipougua mafua na kubaki kitandani, Kanana alihesabu majina yakawa thelathini na manane, mawili pungufu ya arobaini yaliyotakiwa. Milango iliyobaki haikufunguliwa. Bibi Ndeshi na Mzee Severin walikuwa wamekwenda Stafford, kule upande wa Houston, kumwona mjukuu mchanga, na wangerudi baada ya wiki.

Kanana aliketi kwenye ngazi, akawaza. Kwenye michango ya msiba na ya harusi, alimwona mama yake mara nyingi akiandika majina ya watu wasiokuwapo. Mtu alipiga simu akasema, "Niandikie na mimi," na wakati mwingine hata hakupiga. Mama aliandika tu, akisema, "Huyu namjua, hawezi kukataa." Na Bibi Ndeshi si alishasema anataka njia? Basi Kanana akaandika jina la Bibi, na chini yake la Babu, akipindisha mkono ili mwandiko ufanane na wa watu wazima. Karatasi ikapelekwa.

Jiji likapiga simu kuhakiki. Bibi akasema kweli; Babu hakuulizwa. Barua ikaja: ombi limekataliwa, saini si halali, mnaweza kuomba tena mwakani.

Siku mbili baada ya barua, Bibi Ndeshi alikutana na Kanana kwenye ngazi. Alimtazama kwa muda, kisha akamshika bega. "Mjukuu wangu, mwaka kesho karatasi uniletee mimi mwenyewe. Sawa?"

Kanana alijibu, "Okei, Bibi," akapita mbio. Alijua kwamba Bibi anajua. Naye Bibi hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu baada ya barua, jioni mapema, Bibi Ndeshi akirudi dukani kwa miguu, gari lilimgonga pembezoni mwa barabara ile. Hakufika hospitali akiwa hai.

* * *

Sasa mwaka ulikuwa umezunguka na karatasi mpya imekuja. Kanana na Zoé walikuwa wameketi kwenye kibaraza, nyuma ya gari la Émile.

"Papa anasema mwaka huu wazee tusiwapitie," Zoé alisema. "Watasahau tena. Hata kwa Babu Severin tusiende."

"Lakini yeye ndiye..."

"Najua. Mimi siyo mwenyekiti." Zoé alimtazama usoni. "Wewe una nini, Sekretari wa karatasi? Umekaa kama paka aliyeiba samaki."

Kanana akamwambia. Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, hata lile la bega kwenye ngazi. Zoé aliziba mdomo kwa mikono miwili. Malori mawili yakapita.

"Usiseme," Zoé alinong'ona. "Bibi amekufa. Wakimsema hasikii."

"Babu anasikia."



Usiku Mama alikwenda kazini. Kesho yake aliporudi, alimkuta Kanana amekaa mezani, chai imepoa mbele yake. Aliposikia kisa chote hakumgombeza. Alivuta kiti akaketi na koti lake la kazi, mkoba ungali begani.

"Nani alikufundisha kuandika jina la mtu asiyekuwapo?"

Kanana alizungusha kikombe.

"Sema tu."

"Kwenye daftari la michango, Mama. Nilikuona wewe."

Mama alifumba macho. Kanana alidhani amelala. Kisha akasema, "Basi twende wote wawili."

"Mama, ni mimi niliyemuua Bibi?"

"Hapana." Mama alimshika mikono. "Gari ndilo lililomuua. Pengine hata ombi lingekubaliwa, saruji isingekuwa imemwagwa siku ile. Pengine ingekuwa. Hilo hatutalijua, nami sitakudanganya kwamba najua. Lakini ya kwamba anaitwa msahaulifu, hiyo ni juu yetu, na hiyo tunaweza kuiondoa."

* * *

Walikwenda kwanza kwa Mzee Severin. Aliwasikiliza akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Kanana alipomaliza kusimulia, mzee aliuliza jambo moja tu: "Alijua?"

"Alijua, Babu. Akaniambia mwaka kesho nimletee karatasi yeye mwenyewe."

Mzee aligeuza uso dirishani. Mama akamshika Kanana mkono, wakatoka polepole.

Jioni, majirani walipokusanyika kwa Émile, Kanana alisimama mbele yao. Alisema, "Bibi Ndeshi hakusahau kitu. Hakuweka saini. Jina lake na la Babu niliandika mimi. Alipopigiwa simu alisema kweli, na mimi nikanyamaza mwaka mzima."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Makubwa!" Mwingine akamnyamazisha.

Bertila aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Na mimi mdomo wangu huu," alisema, akijipiga midomo kwa vidole. "Chumba kizima cha kufulia nimemtangazia marehemu uongo. Nilisikia simu, kweli. Lakini sikuuliza." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Émile alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikia, mwanangu," alisema mwishowe. "Ulifanya mubaya. Leo umefanya muzuri. Ile ya kwanza haifutike, lakini kazi iko. Karatasi utaibeba tena, wewe na Zoé, na jina la kila mutu, mwenyewe aliandike. Na wazee tuanze nao."

Wakaanza. Haikuwa rahisi. Mlango mmoja kijana mwenye haraka alisema, "Niandikie tu, mdogo wangu, nachelewa shifti." Kanana akajibu, "Hapana, kaka. Nitarudi ukirudi." Akarudi saa nne asubuhi ya Jumapili, akamkuta anapiga mswaki, akasubiri. Nyumba nyingine walirudi mara nne. Zoé alilalamika kwamba soli za viatu vyake zimekwisha. "Ukinunua vingine utalipa kodi ya mauzo," Kanana alimwambia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi wote wawili walicheka.

Mzee Severin alipogongewa alifungua, akaipokea kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizonyooka. Alirudisha karatasi, akafunga mlango.

Saini zilifika hamsini na tatu. Jiji lilipiga simu zake, na safari hii kila aliyeulizwa alijibu, "Ndiyo, ni mimi." Barua ya kukubaliwa ilikuja kabla ya Krismasi. Majira ya kuchipua, mafundi walikuja na mashine, wakafukia mtaro, wakamwaga saruji, wakasimamisha na taa tano.

Siku kamba za mafundi zilipoondolewa, Kanana na mama yake walisimama ukingoni wakitazama watoto wakipita na baiskeli.

"Mama, mbona Babu hasemi nami? Nilisema kweli yote."

"Ulisema." Mama alimwekea mkono kichwani. "Sikiliza, Kanana. Jina la mtu ni mali yake, hata kama unampenda, hata kama una hakika atakubali. Usiliandike asipokuwapo. Nami kwenye daftari la michango nimeacha. Na kusema kweli kunasafisha jina lililochafuliwa, lakini hakumrudishi aliyeondoka. Sisi tulimfanya Babu aomboleze mara mbili. Muombe msamaha, kisha umwachie muda wake. Msamaha huombwa, haudaiwi."

Jioni ile Mzee Severin alitoka, fimbo mkononi, akaanza kutembea juu ya njia mpya akielekea dukani. Kanana alimwendea mbio, kisha akapunguza mwendo na kutembea kandokando yake. Walipita taa ya kwanza. Walipita ya pili.

"Babu," Kanana alisema, "naomba unisamehe."

Mzee alisimama. Lori refu lilikuwa linapita, nalo lilichukua muda kumalizika. Alilitazama mpaka likakata kona. Kisha akaweka fimbo yake mbele, akaendelea kutembea polepole, naye Kanana akafuata hatua moja nyuma yake, akisubiri.