Picha ya Kumi na Tano

Nina miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa nipo Johannesburg. Kazi yangu ni rangi. Siku za kazi napaka kuta za watu, Jumapili nachora picha. Wanaonifahamu wananijua kwa tabia mbili: sikubali bei ya kwanza, na kila kitu nakihesabu mara mbili. Ndugu wasomaji, msidhani mtu wa namna hiyo haibiwi. Huibiwa vizuri zaidi, maana akishahesabu analala usingizi.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilipata kazi ya kupaka nyumba huko Randburg. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, mjane, mtu wa Ayalandi. Hapa nitamwita Bibi Nora. Tulivutana bei saa nzima nikadhani nimemweza, mpaka nilipotaka kusimamisha ngazi kwenye ukuta wa nyuma. Palikuwa na kichaka cha miiba kimejibana na ukuta. Nikamwambia nakikata nipite. Akaniambia nikikata hata tawi moja, niondoke na ndoo zangu. Kwao, mti wa miiba uliosimama peke yake una wenyewe, watu wadogo wasiotajwa kwa jina, na anayeukata hamalizi mwaka salama.

Mwingine angemcheka. Lakini mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akitukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba tusije tukaita tusiowajua. Nilimwuliza tu kama hao wenyewe watachangia kukodi ngazi ndefu. Alicheka hadi akatafuta kiti. Ukuta wa nyuma ukabaki bila rangi, nasi tukawa marafiki.

Kazi ya wiki mbili ikachukua mwezi, kwa sababu ya chai. Alinisimulia juu ya mwanamke anayelia nje ya nyumba yenye mtu wa kufa, na kwamba ukiona kitana kimeanguka njiani usikiokote, huenda ni chake. Alinieleza kwa nini viatu vipya haviwekwi mezani. Kwao huhesabu ndege fulani weusi wenye weupe kifuani: mmoja ni huzuni, wawili ni furaha. Ndege hao hapa hawapo, basi Bibi Nora akahamishia hesabu kwa kunguru wa Randburg wenye kola nyeupe. Akimwona mmoja peke yake anamsalimia kwa adabu, ili huzuni ipite. Nami, mtu wa kuhesabu mara mbili, nikamwambia mmoja huyo ukimhesabu tena wanakuwa wawili. Akasema Ayalandi nzima haikuwahi kufikiria hilo.

Nikaanza kuchora visa vyake. Kila picha nilimpelekea aione kwanza. Alikuwa akisema, "Hamza, huyu umempa pua ya jirani yangu," nami narekebisha.

Siku moja alinisimulia kisa kimoja kwa sauti ya chini, bila chai. Alikuwa na miaka saba. Mdogo wake wa kiume aliugua, akawa hali, hasemi, analia tu. Watu wakasema huyu si mtoto wao, wale wadogo wamembadilisha. Wakamweka nje kwenye mti wa miiba alfajiri ya baridi, ili wenyewe wamchukue wa kwao na kumrudisha wa kweli. Nora aliambiwa ashike komeo la mlango asimfungulie. Akalishika... Mtoto alikufa siku ya tatu.

"Hiki usikichore," akaniambia. "Hata marehemu mume wangu sikumwambia."

Niliahidi. Na nilikichora.

Sijui niwaelezeje. Mkono wa yule msichana wa miaka saba kwenye komeo haukunitoka machoni. Nilichora mlango mwekundu wa vipande viwili, cha juu na cha chini, kama alivyonieleza, na kunguru mmoja tu juu ya paa. Ilipokauka nikaigeuza uso ukutani, chumbani kwetu Hillbrow. Nikajiambia picha isiyoonekana haivunji ahadi.

Chumba hicho nilikaa na Dezire, kijana wa Kirundi niliyempokea alipofika mjini na mfuko mmoja. Alikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye jengo moja Doornfontein, ambalo ghorofa yake ya juu ni ukumbi wa maonyesho. Ni yeye aliyemwonyesha mama msimamizi wa ukumbi picha zangu kwenye simu. Mama yule akazipenda, akatoa fomu, na fomu ikataka karatasi za ukaazi.

Zangu zilikuwa zimekwisha muda. Za Dezire zilikuwa safi.

Sisi wageni hapa tumezoea kuazimana majina. Chumba chetu kilikuwa kwa jina la Mkongo aliyekwisha kuhama, na simu yangu kwa jina la jirani. Kwa hiyo Dezire aliposema, "Mkubwa, jina langu ni la fomu tu, siku yenyewe nitasimama niseme mchoraji ni huyu hapa," sikuona ajabu. Nikaacha kutia sahihi picha zangu. Nikahesabu za kupeleka: kumi na nne. Nikahesabu tena: kumi na nne.

Kosa langu jingine lilikuwa limekwisha kutokea. Jumapili moja, tunasonga ugali, aliniuliza ile picha iliyogeuzwa ni ya nini. Kisa kile kilikuwa kizito kukibeba peke yangu. Nikamwambia. Chote.

Siku ya maonyesho nilimfuata Bibi Nora kwa taksi. Alivaa koti la kijani, na viatu vipya ambavyo aliapa havikugusa meza. Alitaka kuona watu wakinipigia makofi. Kule Tanga nilikuwa nimewapigia dada zangu simu nikawaambia leo kaka yenu anatajwa.

Tukaingia. Kwa mazoea nikahesabu picha ukutani. Kumi na tano... Nikahesabu tena. Kumi na tano.

Ya mwisho, mahali penye mwanga kuliko pote, ilikuwa mlango mwekundu. Na kwenye pembe ya kila picha, kwa rangi nyeupe, jina la Dezire.

Alikuwa amevaa koti la suti, amesimama katikati ya watu. Alisema picha hizi amezichora kwa miaka miwili. Akasema ile ya mlango ndiyo anayoipenda zaidi, kwa kuwa bibi mmoja wa Randburg, rafiki yake, ndiye aliyelishika komeo lile akiwa mtoto, na mdogo wake akafa. Hakujua kwamba bibi huyo amesimama mbele yake.

Bibi Nora hakulia. Alinigeukia akanitazama tu.

Nilikuwa na njia mbili, nazo nilizihesabu mara mbili. Nikisema picha ni zangu, nakiri kwamba na ile ya mlango ni yangu. Nikinyamaza, jina langu linakwenda. Nikanyamaza. Jina likaenda, na aibu ikabaki palepale.

Tulipotoka nje, ngazini, ndipo nilipomwambia kwamba mchoraji ni mimi, na kwamba Dezire ameniibia.

"Nilijua nilipouona mlango," akasema. "Yeye kaiba picha. Kisa changu, Hamza, kaiba nani?"

Kurudi Randburg alikaa kiti cha mbele, karibu na dereva.

Kesho yake nilimkuta Dezire chumbani anafunga mizigo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Eish, mkubwa, walinipigia makofi. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi." Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, si kwa jibu hilo. Nikampa bei yangu: kumi na nne chukua, na jina chukua, nirudishie moja, ile ya mlango. Hakubisha. Mtu wa kutokubali bei ya kwanza, nilikubaliwa ya kwanza, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote nilizowahi kupatana.

Niliifunga kwa shuka nikaipeleka Randburg. Bibi Nora alikuja hadi getini. Aliipokea kwa juu ya geti, akashukuru kama mtu anayemshukuru mleta barua. Nilisubiri. Komeo hakulifungua.

Nilibaki pale barabarani. Juu ya waya kulikuwa na kunguru mmoja. Sikumhesabu tena.

Wasomaji wenzangu, hasa mlio ugenini: simu, chumba, sawa, azimaneni majina. Kazi ya mikono yako usiiweke chini ya jina la mtu, hata awe ndugu mnayelala chumba kimoja. Na mtu akikwambia jambo akakuomba liishie kwako, liache hapohapo. Usilichore, usilisimulie, usiligeuze ukutani ukadhani umelificha. Mimi bado napaka kuta. Ule ukuta wa nyuma ya kichaka cha miiba mpaka leo hauna rangi, na hakuna bei nitakayotaja nikaruhusiwa kuumaliza.