Karatasi ya Pipi Ndani ya Teksi

Kila Jumamosi asubuhi, baba akiwa bado anakunywa chai, Chiriku aliosha teksi yao. Jina hilo alipewa na bibi, kwa kuwa mdomo wake haukukosa wimbo. Redio ya teksi ilikuwa ya zamani, ya kanda, kwa hiyo baba alinunua kifaa cha bei nafuu cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ukikitia flashi yenye nyimbo, kinazirusha hadi kwenye redio.

Jumamosi moja Chiriku alikichomeka kwa mikono inayochuruzika maji. Tsk! Kimya.

"Nimekwisha!" alinong'ona.

Kaka yake akachungulia. "Umeunguza fyuzi tu, mama kilio." Aliichomoa chini ya usukani, akaizungushia karatasi ya pipi ing'aayo ili umeme upite, akairudisha. Muziki ukarudi. "Sasa funga bakuli lako. Baba akijua, mimi simo!"

Punde baba akatoka, amemshika bibi mkono. Bibi alikuwa anapelekwa kliniki; miguu yake ilivimba, hata kupanda ngazi hawezi.

"Mke mwenzangu, niwekee wimbo wangu," bibi akamtania kutoka kiti cha nyuma.

Chiriku aliinama mlangoni auweke. Baba aliwasha gari, na harufu ya plastiki inayoungua ikampiga puani. Akisema, atagombezwa. Akinyamaza, je, moto ukiwaka njiani? Bibi hawezi kukimbia.

"Baba, zima! Zima gari!" akapaza sauti. "Fyuzi iliungua... tumeifunga karatasi ya pipi!"

Baba alizima haraka, akamtoa bibi, kisha akaichomoa fyuzi. Ilimchoma vidole. Nyuma ya fyuzi, ganda la waya lilikuwa limeanza kuyeyuka.

Kaka akajitokeza, kichwa chini. "Ni mimi niliyefunga, baba. Samahani."

Baba alimpigia dereva mwenzake aje kumchukua bibi, kisha akaketi kizingitini na kuwavuta wote wawili karibu.

"Fyuzi huungua ili gari lisiungue," alisema. "Ukiizuia, moto hutafuta pengine. Na kosa ni hivyo hivyo, wanangu. Likisemwa mapema, huunguza kidogo. Likifichwa, huunguza hata wasiohusika."

Bibi alimpangusa Chiriku machozi kwa ncha ya kanga.

"Umeniimbia nyimbo nyingi, mke mwenzangu," alisema. "Lakini huu wa leo ndio nitakaoukumbuka."